Matongo ya kwa Boaz

Ziwa lilipofika kwenye uzio wa nyumba ya marehemu Profesa Mardochée Kalume, binti yake Sabine alikuwa ameshapandisha makaratasi yote juu. Masanduku yalikuwa kumi na tisa na meza zilikuwa tatu tu, kwa hiyo mengine aliyapanga kitandani, pale pale alipolala mzee miaka miwili ya ugonjwa wake. Majirani wa mtaa ule wa bandarini Rumonge walipita wakichungulia, wakacheka kidogo kwa adabu. Mtu aliyefundisha nusu ya mainjinia wa nchi namna ya kuyaelekeza maji, leo maji yamekuja yenyewe kumtafuta nyumbani, na mwenyewe amekwisha kufa miezi minane.

Sabine hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa hesabu wa sekondari kwenye lise, hana mume wala mtoto, na tangu mama yake Rachelle alipofariki, baba ndiye aliyekuwa ukoo wake wote. Sasa chuo alichofundisha mzee huko Bujumbura kilikuwa kimeomba makaratasi yake. Kingeyaweka kwenye chumba maalumu cha maktaba, na juu ya mlango lingeandikwa jina: Kalume. Sabine alikwisha kuliona jina hilo mlangoni, ingawa mlango wenyewe hajawahi kuuona.

Gari la maktaba lilikuwa lifike Jumanne. Halikufika, kwa kukosa mafuta. Badala yake ilikuja simu ya Irakoze, binti anayeshughulika na nyaraka pale maktabani.

"Amahoro, madamu Sabine. Gari iko ku foleni ya esansi tangu jana, hata hatujaona mwanzo wa foleni iko wapi. Tuseme siku ya Ijumaa. Ile fishi umeshaijaza?"

"Naimalizia," alijibu Sabine.

Fishi ilikuwa karatasi ndefu yenye safu tatu: jina la waraka, mwaka wake, na sharti. Katika safu ya sharti mtu alichagua moja kati ya mawili. Ama waraka ufunguliwe kwa kila msomaji, ama ufungwe kwa miaka thelathini kwa ombi la familia. Sabine alikuwa ameandika "ufunguliwe" mpaka mkono ukamuuma, maana baba yake hakuwa na la kuficha.

"Mwana wanje, umekunywa hata chai?" Sauti ilitoka jikoni. "Makaratasi hayali. Wewe ndiye unayekula."

Alikuwa mama Kankindi. Alikuwa na miaka sabini, mwembamba, na mgongo bado umenyooka kama wa msichana. Aliingia nyumba hii miaka kumi iliyopita, Rachelle alipofariki, kupika na kufua. Mzee alipougua, yeye ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani. Mzee akafa, lakini Kankindi hakuacha kuja. Alikuwa na ufunguo wake wa mlango wa nyuma, akaingia alfajiri, akafagia ua, akamwita Sabine mwana wanje, mtoto wangu, naye Sabine kila alipoitwa hivyo alijisikia bado ana mtu duniani.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo Kankindi alikuwa na kesi. Kila mtu Rumonge aliijua kesi ya Kankindi, hata waliokwisha kuichoka. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji, akiwa na miaka kumi na minane, alikimbilia Tanzania na mama yake. Baba yake, Boaz, alichukuliwa na hakurudi. Walikaa huko kambini miaka thelathini na minne, na waliporudi wakakuta shamba la Boaz katika bonde la Gasenyi limekuwa mpunga, lina namba, lina mfereji unaochimbwa na lina mtu mwingine anayeitwa Radjabu, mkulima mpole tu, aliyepewa kiwanja namba 17 na karatasi yenye mhuri. Kankindi hakuwa na karatasi. Alikuwa na kumbukumbu: michikichi ishirini na miwili, na kaburi la mdogo wake Anita aliyekufa kwa surua. Mahakamani walimwuliza kila mara, papiye yako iko wapi, mama? Alhamisi ilikuwa mara ya mwisho. Baada ya hapo hakuna pa kukata rufaa.

Na bonde la Gasenyi lilikuwa kazi kubwa kuliko zote katika maisha ya Profesa Kalume. Mfereji ule aliuchora yeye. Kwa hiyo Kankindi alipopata kumfahamu, swali lake lilikuwa moja.

"Porofeseri, katika makaratasi yako yale, jina la baba yangu halimo?"

Sabine alikuwapo, alisikia kwa masikio yake. Mzee alivua miwani, akaifuta, akajibu kwa upole, "Makaratasi yangu ni ya maji tu, mama. Watu hawamo."

Jumanne hiyo, baada ya chai, Sabine alifungua sanduku la kumi na nne.

Hapa inabidi kusema jambo moja juu ya Profesa Kalume, na atusamehe huko aliko. Alikuwa msumbufu wa lugha. Alizaliwa Baraka, upande wa pili wa ziwa, akasoma umwagiliaji Morogoro, na kutoka Morogoro alirudi na shahada, kamusi nyekundu, na ugonjwa wa kukosoa watu. Muuza samaki wa ndagala akisema "mutoto," mzee anasimama sokoni: "Mtoto, bwana, m-toto." Mchungaji akisema "Mungu iko," mzee anaguna kanisani mpaka Rachelle anamfinya. Kirundi alikisikia miaka yote lakini hakukisema, zaidi ya salamu. Alisema Kiswahili kinamtosha, mradi kiwe sanifu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na ripoti ya Gasenyi ya mwaka 2004, ile iliyompa uprofesa, imejalidiwa vizuri kwa ngozi. Chini yake palikuwa na daftari la buluu la shule, kurasa zimelowa mafuta ya mawese na kukauka. Lilikuwa daftari la Nestori, mpima ardhi wake. Sabine alimkumbuka mtu huyo. Mwaka ule mzee alivunjika mguu, hakuweza kutembea bondeni, akamtuma Nestori apite kiwanja kwa kiwanja na kuandika kilichopo. Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na agizo la mzee mwenyewe, kwa wino mwekundu: "Andika kwa Kiswahili. Kiwe safi."

Maskini Nestori alikuwa amejitahidi. Sabine alifungua kurasa akitabasamu kwa miandiko ile mikubwa, kisha tabasamu likamwisha.

"Namba 15, matongo ya kwa Ntakirutimana, muhogo. Namba 16, matongo ya kwa Evangelina mujane, migomba. Namba 17, matongo ya kwa Boaz, michikichi 22, kaburi moja ya mutoto."

Alisoma mstari huo mara tatu. Kisha akachukua ripoti, akatafuta jedwali la viwanja, akashuka na kidole mpaka namba 15, 16 na 17. Kwa Kifaransa kizuri cha mzee palikuwa pameandikwa neno moja kwa vyote, na vingine ishirini na vitatu juu na chini yake: ardhi iliyotelekezwa. Hapakuwa na Boaz wala michikichi. Kaburi halikuwamo.

Sabine hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alizaliwa Rumonge. Hata mtoto wa hapa anajua itongo ni nini: ni shamba la mtu, ni kwao kwa mtu, ni pale unapotaka kuzikwa. Ukimwuliza mkimbizi katika kambi yoyote alichokiacha, atakujibu neno hilo kabla hujamaliza kuuliza. Lakini Nestori aliambiwa aandike Kiswahili, akaandika matongo. Na baba yake, akiwa na mguu ndani ya plasta na kamusi mapajani, alisoma Kiswahili sanifu. Katika kamusi nyekundu tongo ni mahali palipohamwa na watu, palipobaki magofu. Mahame. Neno itongo alilisikia kila siku kwa mkewe na kwa majirani, lakini hilo lilikuwa Kirundi. Kwenye karatasi ya Kiswahili yeye alisoma Kiswahili.

Viwanja ishirini na sita viligawiwa kwa sababu hiyo. Sabine alimwonea baba yake aibu, kisha akajionea aibu kwa kumwonea aibu. Lilikuwa kosa, alijiambia. Hakujua. Mtu akikosa bila kujua, lawama yake ni ndogo.

Alichukua fishi, akaandika: daftari la vipimo, Gasenyi, 2004. Mkono ukasimama kwenye safu ya sharti. Nje Kankindi alikuwa anakung'uta mkeka na kuimba wimbo wa kanisani. Sabine aliandika haraka, "ufungwe miaka thelathini," akafunika karatasi. Baada ya miaka thelathini Kankindi angekuwa na miaka mia moja. Hesabu hiyo ilimjia yenyewe, bila kuombwa. Ndiyo shida ya kuwa mwalimu wa hesabu.

Hakulala vizuri. Jumatano asubuhi aliaga shuleni kwamba anaumwa, akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Minago. Alitaka kusikia jambo moja tu kwa mtu aliyekuwapo: kwamba baba hakujua.

Nestori alikuwa nyuma ya nyumba yake, anakamua mawese. Kazi ya kupima ardhi aliiacha zamani. Alikuwa mzee sasa, mikono myekundu mpaka viwiko, na alipomtambua Sabine aliifuta kwa majani ya mgomba kabla ya kumsalimu.

"Mutoto wa Porofeseri! Karibu. Amahoro. Kaa pale, ile bidoni iko safi."

Sabine alikaa juu ya dumu la mafuta, akalitoa daftari kwenye mkoba. Nestori aliliangalia bila kuligusa.

"Ile iko mukono yangu," alisema. "Mi niliandika vile batu balisema. Kila itongo nilisimama, nikauliza, hii ni ya nani? Jirani anasema, ni ya kwa Boaz, bako Tanzania, siye tunabachungia. Hata moja haikukosa mwenyewe."

"Baba alisoma mahame."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unajua." Sabine alilifunga daftari. "Na yeye? Baba alikufa bila kujua, sivyo?"

Nestori aliangalia mafuta yake yanayotokota. Alikuwa mtu mwema na alitafuta njia ya kusema, lakini njia haikuwapo.

"Alijua mu 2011," alisema. "Kuko mama moja alimuuliza jina ya baba yake. Kesho yake Porofeseri akakuja hapa na moto. Akaniuliza, Nestori, wewe ukiandika matongo unasema nini? Nikamwambia, Porofeseri, si ni itongo tu, kwenye batu bako na mali yabo. Akakaa hapo unapokaa, ku bidoni. Alikaa sana, madamu. Nikafikiri amegonjwa. Kisha akaniambia ataandika barua ya kusahihisha. Aliandika, nikatia sinyatire yangu. Akasema atayipeleka."

"Aliipeleka?"

"Mimi nilingoja. Mufereji ilikuwa karibu kufunguliwa, bakubwa banakuja, bazungu banakuja. Nikasema labda baada ya siku kuu. Kisha nikaona haya kumuuliza mukubwa." Alichochea moto. "Mu 2017 nikaenda mwenyewe mbele ya juji, kumusemea ule mama Kankindi. Bakaniuliza, weye uko nani? Neno ya mukamua mawese na ripoti ya porofeseri, ipi nzito? Bakatuma mutu kwa baba yako aseme. Akajibu ana safari."

Sabine aliukumbuka mwaka 2017. Baba yake hakwenda popote. Alikaa barazani na redio.

Alishukuru, akapanda moto kurudi, na njia nzima ziwa lilikuwa mkono wake wa kulia bila yeye kuliona. Mwaka 2011 Kankindi aliuliza kwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 mzee akamwajiri nyumbani kwake, na Sabine akamsifu baba yake kanisani kwa huruma. Na mwaka baada ya mwaka mama yule aliuliza tena, akiwa na bakuli la uji mkononi, na mzee alijibu tena kwa upole ule ule. Watu hawamo. Hilo ndilo lililomchoma kuliko ripoti. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli, na hakuwa na mtu wa kumrushia isipokuwa kitanda chenye masanduku.

Nyumbani hakuitafuta barua katika masanduku. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamusi nyekundu, akaifungua kwenye herufi T. Ilikuwapo, imekunjwa mara moja, mahali pa neno tongo.

"Mimi Mardochée Kalume, mhandisi wa umwagiliaji, ninatamka kwamba katika ripoti yangu ya mwaka 2004 juu ya bonde la Gasenyi nilikosea. Neno matongo aliloandika mpima wangu Nestori nililisoma kuwa mahame. Kwa watu wa hapa itongo ni shamba la mtu. Viwanja ishirini na sita nilivyoviita vilivyotelekezwa vilikuwa na wenyewe, na majirani waliwatunzia. Majina yao yamo katika daftari la buluu. Naomba ripoti isahihishwe."

Chini palikuwa na sahihi mbili. Na juu, kwenye kona, palikuwa na tarehe: 12 Mei 2011. Ilikuwa imekatwa kwa mstari, na pembeni yake imeandikwa Septemba 2012. Hiyo nayo imekatwa. Januari 2014, imekatwa. Juni 2017, imekatwa. Ya mwisho ilikuwa 2022, kwa mwandiko unaotetemeka, na haikukatwa, pengine kwa sababu mkono uliishiwa nguvu. Kila mara alikuwa ameitoa, ameiandika upya siku yake, na kuirudisha kwenye kamusi.

Sabine alilia. Alimlilia baba yake kwa kuwa aliteseka peke yake miaka yote hiyo, na hapo hapo akamchukia kwa kuwa hakuteseka vya kutosha.

Kankindi aliporudi kutoka sokoni jioni, Sabine alikuwa ameamua nusu. Nusu, maana moyo haukumpa zaidi. Alimwekea daftari la buluu mezani, limefunguliwa.

"Mama, nimelikuta kwenye sanduku. Soma hapa."

Kankindi alisoma polepole, kwa kidole, kama alivyofundishwa shule ya kambini. Alifika kwenye jina la baba yake akalirudia. Alifika kwenye kaburi akaketi chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, akaliweka daftari kifuani.

"Kaburi moja ya mutoto," alisema. "Anita. Wameandika Anita. Mwana wanje, miaka kumi na minane wananiambia naota. Kumbe iliandikwa." Alimvuta Sabine akambusu mkono, na Sabine aliona mkono wake unanuka uongo. "Baba yako angefurahi kuliona hili. Alikuwa hajui kama linamo, masikini."

"Ndiyo," alisema Sabine.

Neno hilo moja lilimtoka jepesi kabisa. Barua ilikuwa kwenye mkoba wake. Daftari litatosha, alijiambia. Jina limo, michikichi imo, kaburi limo. Mama atapata shamba lake na baba atapata mlango wake, na hakuna atakayeumia. Kwa nini hakuichoma barua, na kwa nini kesho yake asubuhi aliondoka nayo mkobani kwenda mahakamani, hata yeye hakujua kusema.

Mahakamani palikuwa pamejaa, na feni haikuwa na umeme. Radjabu alikaa mbele na karatasi yake yenye mhuri, anatokwa jasho, wala hakumtazama Kankindi. Jaji alilipokea daftari, akaligeuza kurasa kwa uangalifu, akasoma mstari wa namba 17 kwa sauti. Ukumbini watu waliguna. Kankindi alikuwa amesimama wima, amevaa kitenge cha Pasaka.

Ndipo avoka, wakili wa Radjabu, akainuka. Alikuwa kijana nadhifu, na hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi yake tu.

"Muheshimiwa, daftari hili linatusaidia sisi. Limeandikwa kwa Kiswahili. Na kwa Kiswahili tongo ni nini? Ni mahame. Hatupingi kwamba Boaz alikaa pale. Alikaa, akaondoka, pakabaki mahame na kaburi. Si mimi ninayesema. Ni marehemu Profesa Kalume, aliyeishika kazi hii na daftari hili mikononi mwake, na anayejulikana hapa Rumonge kwa kutomsamehe mtu kosa la Kiswahili."

Watu walicheka. Walimkumbuka mzee, wakacheka kwa upendo, na kicheko hicho kikamzika Kankindi palepale aliposimama. Jaji mwenyewe alitabasamu. Aliweka daftari juu ya ripoti, akauliza kama upande wa mama una la kuongeza dhidi ya maneno ya profesa.

Kankindi aligeuka. Hakumtafuta Nestori, aliyekuwa amekaa nyuma na mikono yake myekundu. Alimtazama Sabine, kwa matumaini tu, kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyesoma.

Sabine aliinuka. "Muheshimiwa," alisema, "baba yangu ana la kusema dhidi yake mwenyewe."

Akaitoa barua. Jaji aliisoma kimya, kisha akamrudishia. "Isome kwa sauti, madamu. Yote."

Aliisoma yote. Alipofika "nilikosea" sauti ilimkatika, akaanza tena. Alipomaliza alikuwa karibu kuketi jaji alipomwonyesha kona ya juu kwa kalamu.

"Na tarehe. Zote, hata zilizokatwa. Karani aandike."

"12 Mei 2011," alisoma Sabine.

Hakutaka kumtazama Kankindi lakini alimtazama. Kankindi alikuwa amekunja kidole kimoja.

"Septemba 2012." Kidole cha pili. Mwaka 2012 mama yake Kankindi alikufa, akazikwa makaburi ya watu wote kando ya barabara, kwa kuwa hawakuwa na pa kumzika.

"Januari 2014." Mwaka alioingia jikoni mwao.

"Juni 2017."

"2022," alisoma Sabine, na hapo alinong'ona. Mwaka ule Kankindi alikuwa anamwogesha kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu, anamwita Porofeseri, anamwuliza kama maji si ya moto sana. Vidole vitano vilikuwa vimekunjwa, na Kankindi aliviangalia kana kwamba ngumi hiyo ni ya mtu mwingine.

Jaji hakumaliza siku hiyo, lakini kila mtu alijua imemalizika. Aliamuru bonde lipimwe upya, kiwanja namba 17 kwanza, Nestori akiwapo. Radjabu aliinamisha kichwa. Alipanda mpunga pale miaka kumi na tisa na hakumwibia mtu. Watu walimzunguka Kankindi wakimpongeza, wanawake wakapiga vigelegele. Sabine alisubiri mlangoni muda mrefu. Kankindi alitokea mlango mwingine.

Ijumaa esansi ilipatikana na Irakoze akafika na gari, amechoka, mchangamfu. Ua haukuwa umefagiwa. Sabine alimpa fishi. Kwenye mstari wa daftari la buluu alikuwa amekata "ufungwe" na kuandika "ufunguliwe," na chini yake ameongeza mstari mmoja wa barua, wenye tarehe zake tano. Mwanzoni mwa fishi, palipoulizwa makaratasi haya yanahusu nini, aliandika: maji, na watu wamo.

Irakoze alisoma, akainua macho. Habari ilikuwa imeshafika Bujumbura. Habari hazihitaji esansi. "Kuhusu jina ku mlango, madamu," alianza, "bakubwa wamesema tungoje kwanza."

"Wangoje," alisema Sabine.

Walikuwa wanapakia sanduku la mwisho Kankindi alipoingia uani kwa mlango wa mbele. Kwa miaka kumi hakuwahi kupita mlango huo. Alikuwa na matope ya Gasenyi miguuni. Sabine aliweka sanduku chini, akaenda kumpokea kwa mikono miwili.

"Mama, karibu. Umepaona?"

"Nimepaona." Kankindi alifungua pindo la kitenge, akatoa ufunguo wa mlango wa nyuma, akauweka katika kiganja cha Sabine kwa mikono yake miwili, kwa heshima yote, kama anavyopewa mgeni mkubwa. "Murakoze cane, madamu," alimshukuru kwa Kirundi. "Ufunguo wako ndio huu."